Kabla ya Kumsindikiza Mgeni Hospitali: Mafunzo Yapi Uchague?

"Dada, Kiswahili ninacho, gari ninalo, na Jumatano siendi kazini. Nianzie wapi?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara kutoka kwa Watanzania na Wakenya wenzangu hapa Kentucky, watu wenye moyo wa kuwasaidia wakimbizi kupata matibabu. Mwaka 2013 Marekani iliahidi kupokea Wakongo wapatao 50,000 kutoka nchi za Maziwa Makuu, na tangu hapo Kiswahili kimekuwa cha kawaida madukani na makanisani Lexington na Louisville. Wamekuja kutoka Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma kule Turkana, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, na kutoka kambi za Rwanda na Burundi. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wapo. Wanaugua, wanajifungua, wanazeeka, na barua za hospitali zinawafikia kwa Kiingereza.

Wanaoniandikia huwa wameshaambiwa kwamba kabla ya kuanza wapate "mafunzo ya utamaduni". Wakitafuta wanakuta kozi ya saa mbili kwenye intaneti, semina ya Jumamosi asubuhi, darasa la saa 40, na kikao cha jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Vyote vinaitwa kwa jina moja, na kila kimoja kinafundisha jambo lake. Vitatu nimevipitia nikiwa mwanafunzi, na cha nne nasaidia kukiandaa. Nitaviweka sambamba, na sitaficha ninachokipenda zaidi.

Mama mmoja, mitego sita

Ili tusilinganishe maneno matupu, tuchukue mfano. Nimeuunganisha kutoka safari nyingi, kwa sababu kisa cha mgonjwa mmoja si changu kukitembeza.

Mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, amekaa Nyarugusu zaidi ya miaka ishirini. Karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, sawa na majirani zake wengi, kwa kuwa cheti hakikuwapo na karani alitaka tarehe ya kuandika. Ameambiwa miadi yake ni saa tatu. Anakwenda na mwanawe wa miaka 12 amsaidie Kiingereza. Daktari anamuuliza hali yake, naye anajibu, "Nzuri, ila moyo unanisumbua, mawazo ni mengi." Anaeleza kwamba kule kambini alikwenda kwa muganga akapewa dawa. Daktari anaagiza kipimo cha moyo na chupa sita za damu. Mama anazitazama zile chupa, ananyamaza, na siku ya miadi inayofuata haonekani.

Mtego wa kwanza ni saa. Kwa aliyezoea kuhesabu tangu jua kuchomoza, saa tatu ni asubuhi. Kliniki ikisema saa tatu kwa hesabu yake, inamaanisha alasiri. Namba ikivushwa bila hesabu yake, mtu anafika masaa sita kabla au baada ya wakati wake, na kliniki nyingi zikiona mgonjwa amekosa miadi mara kadhaa humwondoa kwenye orodha.

Wa pili ni ile "nzuri, ila". Kwetu salamu hujibiwa kwa neno jema kwanza, hata aliyelazwa kitandani husema "salama tu" ndipo aeleze ugonjwa. Ujumbe wote uko baada ya "ila". Mkalimani mwenye haraka hufikisha "nzuri", daktari akaandika, na mazungumzo yakahama.

Wa tatu ni moyo. Mama huyu huenda ana ugonjwa wa moyo wa kweli, huenda ana huzuni na hofu, huenda ana vyote. Kiswahili chetu huviweka mahali pamoja. Wa nne ni neno "muganga", na huu nitaurudia kwa sababu nilinaswa mwenyewe. Wa tano ni damu. Wa sita ni mtoto, anayesikia mambo ya mwili na ya vita vya mama yake ambayo hakupaswa kuyasikia, na anayeruka maneno asiyoyajua au anayoyaonea haya.

Sasa tuone kila aina ya mafunzo inakamata mitego mingapi.

Kozi za intaneti

Inayojulikana zaidi ni ile ya Ofisi ya Afya ya Makundi Madogo iliyo chini ya wizara ya afya ya Marekani, inayoitwa Think Cultural Health. Imekuwa ikitolewa bure, unasoma kwa muda wako, na wauguzi na madaktari hupata hata pointi za kuendeleza leseni zao. Imejengwa juu ya viwango vya kitaifa vinavyoitwa CLAS, vilivyotolewa mwaka 2000 na kuboreshwa mwaka 2013, ambavyo leo ni 15. Kwa ufupi vinaitaka hospitali imhudumie mtu kwa kuheshimu imani na desturi zake na kwa lugha anayoielewa, bila kumtoza kwa ajili ya lugha.

Faida yake kubwa ni haki. Ukimaliza unajua kwamba sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, sehemu ya sita, inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwamba kumnyima mkalimani kumehesabiwa kuwa ni kumbagua hivyo. Unajua pia kuhusu kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Kanuni zake za mwaka 2024 zinakataza hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura wakati mkalimani aliyehitimu bado anatafutwa. Kwa hiyo mtego wa sita umekamatwa. Unaweza kusimama pale mapokezi na kusema kwa upole kwamba mama anahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kwamba kijana atasubiri nje.

Angalia tarehe ya kozi, tafadhali. Nyingi zinaitaja amri ya rais namba 13166 ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza. Amri hiyo ilifutwa Machi 2025. Sheria ya 1964 na kifungu cha 1557 havikufutwa, na mtu aliyesoma kozi ya zamani bila kulijua hili atababaika siku karani atakapomwambia kwamba "hiyo imeondolewa". Haki ya mama bado ipo, ila itetee kwa jina lake sahihi.

Mitego mingine mitano kozi hizi haziigusi, na sizilaumu. Zimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima na lugha zote.

Kozi ninayoiogopa ni ya aina nyingine, ile inayokupa orodha: Waafrika hawatazami machoni, Waislamu hivi, Wakongo vile. Mwaka 1998 madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walieleza kisa cha mgonjwa, mama wa Kilatino, aliyekuwa akiugulia kwa maumivu saa chache baada ya upasuaji. Daktari Mlatino aliyepita pale alimwambia muuguzi kwamba mama yule anaonekana ana maumivu makali. Muuguzi akamjibu kwamba alisoma kozi ya tamaduni chuoni na anajua kuwa wagonjwa wa Kilatino huzidisha maumivu. Yaani mafunzo ndiyo yaliyomziba masikio. Kila ninapoona slaidi yenye kichwa "Utamaduni wa Wakongo" nakikumbuka kitanda kile.

Semina ya nusu siku ya shirika

Mashirika yanayopokea wakimbizi huwapa watu wa kujitolea semina ya saa tatu au nne kabla ya kuwakabidhi familia. Wenye shauku ya utamaduni huikuta semina hii kavu: fomu, ukaguzi wa rekodi ya polisi, viti vya watoto ndani ya gari, bima, Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), namba za kupiga, tofauti ya kliniki ya kawaida na chumba cha dharura.

Mimi naiheshimu kuliko ninavyosikia wengi wakiiheshimu. Hapa ndipo unapoambiwa mipaka yako, kwamba hutii saini karatasi ya mtu, humshauri aache dawa, humwelezi mchungaji wala shangazi ulichosikia chumbani kwa daktari. Kwetu ugonjwa ni jambo la ukoo mzima. Mtu akilazwa, jirani ana haki ya kuuliza na wewe ukinyamaza unaonekana una roho mbaya. Hapa siri ya mgonjwa ni sheria, na familia ikikuuliza una neno la kusema: "Mwulizeni mwenyewe, nikisema mimi nitakuwa nimemkosea." Nimeona msaidizi mwema kabisa akiharibu jina la binti katika jamii ndogo ya watu mia mbili kwa sababu tu aliomba maombi kwa ajili yake mbele ya wote, akitaja ugonjwa.

Semina nzuri inakamata mtego wa saa. Mratibu mzoefu anakufundisha kutokusema "saa tatu" peke yake, bali kusema asubuhi au alasiri, kumwonyesha mama mishale ya saa ukutani, na kumuuliza yeye arudie. Anakukumbusha pia ile tarehe 1 Januari, maana kila dirisha la hospitali litauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, na mama asiyeikumbuka tarehe aliyopewa na karani ataonekana kama amebeba karatasi za mtu mwingine.

Kasoro yake ni kwamba utamaduni unapewa dakika arobaini za mwisho, watu wakishaanza kutafuta funguo za gari. Na ubora wote unamtegemea anayeendesha. Akiwa ni mtu aliyewahi kuishi kambini, unapata dhahabu. Akiwa ni kijana wa ofisini aliyekabidhiwa slaidi wiki iliyopita, unapata slaidi.

Saa 40 za ukalimani wa hospitali

Hapa ndipo Waswahili wengi wanaposema, "Ya nini, lugha si yangu?" Nilisema hivyo pia.

Kabla sijasoma, nilimfasiria mama mmoja wa Kivu Kusini aliyesema alikwenda kwa muganga. Mimi ni wa Tanga. Kwetu mtu akisema kwa kawaida kwamba amekwenda kwa mganga, tunaelewa mganga wa kienyeji, ijapokuwa serikali yetu yenyewe ina Mganga Mkuu na kila kituo cha afya kina mganga mfawidhi. Nikamwambia daktari kwamba mgonjwa ametibiwa kwa miti shamba. Daktari akaandika. Mama alikuwa amesema daktari. Kwa Kiswahili cha Kongo muganga ndiye daktari au muuguzi, na dawa alizopewa zilikuwa vidonge vya presha alivyovimeza kwa miaka na kuviacha safarini. Ilichukua miezi miwili mtu mwingine kuligundua. Kwa miezi miwili mama yule alikaa bila dawa yake kwa sababu yangu.

Kozi mbili zinazotajwa sana ni Bridging the Gap, iliyozaliwa Seattle, na The Community Interpreter. Zote mbili ni saa 40 au zaidi, na mara nyingi gharama ni mamia ya dola, ingawa hospitali na mashirika mengine hulipia watu wao. Unafundishwa kusema kama mgonjwa anavyosema, kwa nafsi yake, "naumwa", usiseme "anasema anaumwa". Unafundishwa ukae wapi ili mama na daktari watazamane wao. Unafundishwa kwamba kila linalosemwa chumbani litafasiriwa, hata ule mnong'ono wa mume. Bridging the Gap inampa mkalimani nafasi nne: mfereji unaopitisha maneno, mfafanuzi, daraja la utamaduni, na mtetezi. Na unaanzia kwenye mfereji, unapanda ngazi pale tu inapolazimu.

Kwa nafasi ya pili, ya mfafanuzi, mtego wa muganga unakamatwa. Ukishafunzwa, ukisikia neno lenye maana mbili unasimamisha mazungumzo kwa uwazi, unawaambia wote wawili kwamba unataka kuhakikisha, kisha unauliza: "Mama, huyo muganga ni wa hospitali?" Sekunde kumi. Mtego wa "nzuri, ila" unakamatwa pia, kwa sababu unazoezwa kufikisha sentensi nzima hata sehemu zinazoonekana za adabu tu. Hata "pole" utaifikiria upya. Kwa Kiingereza neno linalokaribiana nayo ni lile la kuomba radhi, na daktari akisikia mkalimani ameliweka mdomoni mwake anaweza kudhani amefanywa akiri kosa mbele ya mgonjwa.

Kanuni zilizotajwa huko juu zinaifanya kozi hii iwe ya lazima kuliko hiari kwa anayefasiri. Kujua lugha mbili hakukufanyi uwe mkalimani aliyehitimu mbele ya sheria. Wewe uliyemsindikiza mama ni mtu mzima aliyefuatana naye tu, na hospitali haitakiwi kukutegemea, isipokuwa kwa masharti machache.

Kuna jambo la kuhuzunisha kwetu. Mitihani ya kitaifa ya kuzungumza ina Kihispania, na baadhi yake Kiarabu, Kimandarini, Kirusi, Kikorea na nyingine chache. Kiswahili hakimo. Mswahili anaweza kupata CoreCHI, cheti cha kitaifa cha mkalimani wa afya, ambacho mtihani wake wa maarifa hauhusiani na lugha moja na unadai zile saa 40, lakini mtihani huo haukupimi jinsi unavyosema "mfuko wa uzazi" kwa heshima au unavyotofautisha homa na mafua. Kwa hiyo ukijiandikisha, uliza kama darasani kutakuwa na Mswahili mwingine wa kufanya naye mazoezi, na ikiwezekana awe wa nchi tofauti na yako. Mimi niliketi na Mkongo wa Bukavu na dada wa Mombasa. Tuliandika maneno yetu kwenye daftari moja, safu tatu. Daftari hilo limenifaa kuliko kitabu cha kozi.

Kukaa na wenyewe

Wale madaktari wawili wa 1998 walipendekeza jina lingine badala ya umahiri wa utamaduni: unyenyekevu wa utamaduni. Walisema hili ni la maisha yote, hakuna siku unayohitimu. Linadai ujichunguze wewe mwenyewe kwanza, na ukubali kwamba mwenye maarifa ya maisha ya mgonjwa ni mgonjwa.

Kwetu tumelifanya kwa njia rahisi. Mara moja kila miezi miwili akina mama na wazee wa Kikongo, na baadhi ya Warundi walioondoka kwao tangu 1972, wanakaa mbele, wanaojitolea wanakaa chini. Wanaofundisha wanalipwa, hili tulilisisitiza. Hakuna slaidi. Chai na mandazi yapo. Wanaeleza walivyozoea kutibiwa kambini, foleni, kadi, vidonge ndani ya karatasi, na walivyoshangaa hapa kuulizwa na daktari "unafikiri tufanye nini?", wakidhani kwamba hajui kazi yake.

Hapa ndipo damu inapoeleweka. Mkimbizi mpya hupimwa afya ndani ya siku 90 za kwanza, na kipimo hicho kina chupa nyingi. Mzee mmoja alituambia kwamba utotoni walikimbia gari lolote la usiku kwa hofu ya wanyonya damu. Sisi wa Pwani tunawaita mumiani, na bibi yangu alinitisha nao vilevile. Dada aliyekaa karibu naye alikuwa na sababu nyingine kabisa: alikuwa na njaa, na hakuna aliyemwambia kwamba damu hurudi. Watu wawili wa kijiji kimoja, hofu mbili. Slaidi ingekupa moja.

Hapa pia ndipo nilipojifunza kutowauliza watu kabila lao kwa moyo mweupe. Sisi Watanzania tunauliza kwa utani, makabila ya watani wanataniana hata msibani. Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, aliyenusurika Gatumba, kambi ya Burundi ambako wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, hasikii swali hilo kama utani. Waathirika kadhaa wa usiku ule wanaishi Marekani. Mkalimani wa Kikongo aliyeletwa kwa nia njema anaweza kuwa wa upande ambao mgonjwa anauogopa, na mgonjwa atasema "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho wa miadi. Kwa mgonjwa kama huyo mkalimani wa simu aliye mji mwingine huenda akawa nafuu kuliko jirani. Muulize faraghani nani angependa amfasirie.

Na moyo? Daktari wa akili na mwanaanthropolojia Arthur Kleinman na wenzake, mwaka 1978, walieleza maswali ya kumsaidia mgonjwa aseme anavyouelewa ugonjwa wake. Tumeyafanyia mazoezi kwa Kiswahili mpaka yakakaa mdomoni: Nyumbani ugonjwa huu mnauitaje? Unafikiri umetokana na nini? Kwa nini umeanza wakati ule? Unakufanya nini mwilini? Unadhani utakaa muda mrefu? Unaogopa nini zaidi juu yake? Umekuharibia nini maishani? Ungependa utibiwe vipi? Siku ya kwanza tulimuuliza mama mmoja aliyejitolea, naye kwa swali la sita alilia. Alichokiogopa ni kufia huku na kuzikwa mbali na mumewe. Hakuna kipimo cha moyo kingeyaonyesha hayo. Kuna fomu ya maswali 15 iliyobuniwa Seattle kwa ajili ya kutambua msongo wa akili kwa wakimbizi, nayo inauliza waziwazi kuhusu kuwa na mawazo mengi kupita kiasi. Msaidizi anayejua kwamba fomu hiyo ipo anaweza kumwomba daktari aitumie, badala ya kujaribu kuwa mganga wa roho yeye mwenyewe.

Kasoro za vikao hivi nazikiri. Havitoi cheti. Havifundishi sheria. Mzungumzaji mmoja mwenye sauti kubwa anaweza kuwasemea wote, na wanawake vijana hunyamaza mbele ya wazee wao, kwa hiyo tumelazimika kuwa na kikao chao peke yao.

Ukiviweka sambamba

Kwa fedha, darasa la saa 40 ndilo zito, mengine ni bure au karibu na bure. Kwa muda, kozi ya intaneti unaimaliza usiku mmoja, semina asubuhi moja, saa 40 zinakula wiki nzima au Jumamosi tano hadi sita, na vikao havina mwisho. Kwa cheti cha kuonyesha, ni kozi ya intaneti na saa 40 tu.

Kwa mitego ya yule mama, intaneti imekamata mtoto. Semina imekamata saa, na ikiwa nzuri mtoto pia. Saa 40 zimekamata "nzuri, ila", muganga, na nusu ya moyo. Vikao vimekamata damu na nusu nyingine ya moyo, pamoja na ule mtego wa saba ambao sikuuhesabu, wa nani kakaa karibu na mgonjwa.

Ikiwa wewe ni wa kuendesha gari na kusubiri nje, semina pamoja na kikao kimoja vinakutosha kuanza. Ukiwa utaingia naye ndani, umshikie mkoba na kumkumbusha maswali yake, ongeza kozi ya intaneti kwa ajili ya haki. Ukitaka kufasiri, saa 40, na sioni njia ya mkato, hata kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili, hata kama umezaliwa Uvira. Muuguzi au daktari anayejitolea siku ya mapumziko ninamshauri aanze na vikao, maana utaalamu anao na kilichobaki ni kunyamaza asikilize.

Kwa sisi wa Tanzania na Kenya hasa, nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kuanza nacho, nachagua vikao. Mzungu anayejitolea anajua kwamba hajui. Sisi tunasikia "habari za leo" tukadhani tumefika nyumbani, wakati yule mama ameishi vita, kambi na njia ambazo hatukuzipita, na Kiswahili chenyewe huenda ni lugha yake ya tatu baada ya Kibembe na Kifaransa cha shule. Wapo pia wasiokiweza vizuri na wanaona aibu kukiri.

Kabla ya kujiandikisha popote, mpigie anayeendesha umuulize mambo machache. Nani anafundisha, na amewahi kuwa mgonjwa katika nchi isiyo yake? Kuna mazoezi ya kuigiza au ni kusikiliza tu? Sheria zimesasishwa lini? Na mafunzo haya yananikataza nini? Mratibu asiye na jibu la swali la mwisho, endelea kutafuta.

Yule ndugu wa Jumatano alianza na semina, akaja vikao viwili, sasa anawapeleka wazee kliniki. Darasa lake la saa 40 linaanza mwezi ujao. Mpaka hapo, akiingia chumbani kwa daktari anakaa pembeni, simu ya mkalimani inawekwa mezani, na kazi yake ni kusikiliza kama "ila" imefika.